Ngano Mbele ya Kamera: Sauti ya Mtambaji katika Filamu Fupi za Sanamu, Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mjadala kuhusu hatima ya fasihi simulizi katika enzi ya vyombo vya kielektroniki si mgeni kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Aghalabu mjadala huo huegemea redio, runinga na, katika miaka ya karibuni, rununu. Kuna hata hivyo namna moja ya filamu ambayo hutajwa kwa nadra: filamu fupi inayotengenezwa kwa kusogeza sanamu kidogo kidogo mbele ya kamera na kuipiga picha moja baada ya nyingine. Picha hizo zikionyeshwa kwa mfululizo wa kasi, jicho hudanganyika, likaona sanamu inatembea, inacheka au inapigana.

Makala haya yanafafanua jinsi filamu ya aina hiyo inavyoweza kutengenezwa na mtu mmoja au wawili, bila studio na bila mfadhili, katika miji ya Kitale na Bungoma na katika vijiji vilivyo kando ya barabara inayoiunganisha kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Dai kuu ni kwamba kazi hii huanza kwa sauti ya mtambaji. Kamera na sanamu hufuata. Dai hilo huenda likaonekana dogo, lakini likikubaliwa hubadilisha mpangilio mzima wa kazi, na humpa mwanafunzi wa Kiswahili nafasi ambayo pengine hakuidhania.

Suala la istilahi

Neno uhuishaji, linalotokana na kitenzi huisha, yaani kupa uhai, ndilo linaloelekea kukubalika kwa sanaa ya kukipa mwendo kitu kisichokuwa nao. Tanzania husikika zaidi vibonzo. Kenya husikika katuni na vikaragosi. Udhaifu wa vibonzo na katuni ni kwamba maneno hayo hudokeza mchoro na kichekesho, ilhali filamu inayozungumziwa hapa hutumia vitu vinavyoshikika mkononi, na yaweza kuwa ya huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Wapiga picha hutofautisha picha mnato, yaani ile iliyotulia, na picha jongefu, yaani ile inayokwenda. Kwa kuyaunganisha maneno hayo hupatikana uhuishaji wa picha mnato, istilahi inayoeleza utaratibu wenyewe: picha zilizotulia zinahuishwa. Ni istilahi ndefu mno kwa mazungumzo ya karakana, na yamkini vijana wa Kitale wataendelea kusema katuni za udongo. Si neno baya. Katika makala haya patatumiwa uhuishaji pale panapohitajika neno la jumla, na sanamu kwa maana ya mhusika aliyeundwa kwa mikono.

Waliotangulia

Sanaa hii ina umri unaokaribiana na ule wa sinema yenyewe. Mnamo 1926 Mjerumani Lotte Reiniger alikamilisha filamu ndefu kuhusu mwanamfalme Achmed kwa kutumia maumbo ya karatasi nyeusi yaliyokatwa kwa mkasi na kuwekwa juu ya kioo chenye mwanga. Kwa msomaji mwanafunzi, mfano wa Nick Park wa Uingereza huenda ukawa wa faraja zaidi. Alianza filamu yake ya A Grand Day Out akiwa mwanafunzi mwaka 1982, na ilikamilika mwaka 1989. Tasnifu chache za uzamili zimechukua muda huo.

Afrika nayo ina watangulizi wake. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza filamu za michoro katika miaka ya 1960, na baadaye akahamia kwenye vikaragosi. Kokoa, ya mwaka 2001, inaonyesha wanyama wakishindana mieleka ya kienyeji. Aliye karibu zaidi na mada ya makala haya ni Jean-Michel Kibushi wa Kongo, mwanzilishi wa studio ya Malembe Maa. Filamu yake ya mwaka 1991, Le Crapaud chez ses beaux-parents, yaani chura akiwa ukweni, ilichota kutoka ngano za Watetela, na mnamo 1999 akatoa Muana Mboka, kuhusu mtoto wa mitaani jijini Kinshasa. Jina la studio lenyewe ni somo: malembe katika Kilingala ni taratibu, polepole. Hakuna neno linalolifaa zaidi jambo hili. Nchini Kenya, Ng'endo Mukii alichanganya michoro na miili ya watu waliopigwa picha moja moja katika Yellow Fever, filamu ya mwaka 2012 inayohoji tabia ya kujichubua ngozi.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba Kibushi alianza na ngano. Kwa mtu asiye na fedha uamuzi huo una mantiki. Ngano ni fupi, ina wahusika wachache, wengi wao wanyama, na tayari imepimwa na vizazi vya wasikilizaji. Visehemu visivyovutia vilikwisha kuangushwa njiani zamani.

Sauti hutangulia

Sinema ya kawaida huonyesha fremu 24 kwa kila sekunde. Mhuishaji hahitaji kupiga zote. Hupiga picha 12 na kuionyesha kila moja mara mbili, na jicho huridhika. Hata hivyo, dakika moja ya filamu hudai mikao 720 ya sanamu. Ikiwa kila mkao utachukua dakika moja kuupanga, kuukagua na kuupiga, dakika hiyo moja ya filamu italipwa kwa saa 12 za kazi. Ngano ya dakika tatu itataka saa 36, mbali na kuunda sanamu zenyewe.

Kwa hesabu kama hiyo, hakuna anayeweza kupiga picha ovyo na kutafuta sauti baadaye. Katika filamu ya waigizaji, sehemu iliyozidi hukatwa na kutupwa. Katika uhuishaji, sekunde tano zilizotupwa ni saa moja ya maisha ya mtu. Kwa hiyo mtambaji hurekodiwa kwanza. Kisha mhuishaji huketi na sauti hiyo, akaisikiliza mara nyingi, na kuandika katika daftari lenye mistari: mstari mmoja kwa kila fremu, na kando ya mstari, silabi inayotamkwa wakati huo. Daftari hilo ndilo mswada halisi wa filamu. Kilichoandikwa kabla yake kilikuwa nia tu.

Hapa ndipo isimu inapoingia karakanani bila kubisha hodi. Chukua sentensi ya kawaida ya masimulizi: nyoka akatoka pangoni. Ina silabi tisa. Mtambaji mwenye kasi ya silabi sita kwa sekunde ataimaliza kwa sekunde moja na nusu, yaani picha 18, mbili kwa kila silabi. Bibi anayetamba taratibu, kwa silabi nne kwa sekunde, ataihitaji sekunde mbili na robo, yaani picha 27. Tofauti ya picha tisa ni tofauti ya mhusika. Nyoka wa kwanza anachomoka; wa pili anajikokota, na kila anayemtazama ana muda wa kuogopa. Isitoshe, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi hiyo hurefuka kidogo. Mhuishaji makini huipa picha tatu badala ya mbili, akaiba moja kutoka kwa jirani yake. Akisahau, sanamu itaonekana kama inasoma habari.

Muundo wa silabi za Kiswahili humpunguzia kazi pia. Kwa kuwa silabi nyingi huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, sanamu inayosema Kiswahili inaweza kujimudu kwa midomo sita ya karatasi: mitano ya irabu, na mmoja uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p. Anayependa ukamilifu ataongeza wa saba kwa f na v, meno yakigusa mdomo wa chini. Katika sentensi iliyotajwa, irabu ni o, a, a, a, o, a, a, o, i. Mdomo hufumbwa mara moja tu, kwenye p ya pangoni. Maumbo manne yanatosha kwa sentensi nzima. Miongozo iliyoandaliwa kwa ajili ya Kiingereza huorodhesha midomo tisa, kumi au zaidi, na kijana anayeifuata kwa utiifu hujichosha bure kukata midomo ambayo lugha yake haiitumii. Silabi ya m inayosimama peke yake, kama katika mtu au mbwa, ina manufaa ya ziada: mdomo hukaa umefumbwa kwa muda wa silabi nzima, na sanamu hupata pumziko dogo linaloifanya ionekane inafikiri.

Tanakali za sauti huenda mbali zaidi, kwani hubeba uzito wa vitu. Mtu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Kila moja ya tanakali hizi ni maelekezo ya uhuishaji yaliyofupishwa. Chubwi ina pande mbili: chu ya kupasuka kwa maji na bwi ya kufunikwa, kwa hiyo sanamu hutoweka kwa picha mbili, na uso wa maji, ambao mara nyingi ni karatasi ya nailoni, hutikisika kwa picha nane zinazofuata. Tifu huisha kwa upepo wa f, na vumbi lazima lipande, hata kama ni unga wa mahindi uliopulizwa. Pu haina mkia. Kitu kimefika, kimekwisha. Anayefanya pu iduruduru kama mpira amekosea tafsiri, naye hatasamehewa na watoto.

Mtu anayeandika mswada wake kwa Kiingereza na kuutafsiri baada ya picha kupigwa hupoteza yote haya kwa pamoja. Urefu wa sentensi haulingani, midomo hufumbuka pasipo irabu, na tanakali hubanwa mahali ambapo mwendo haukuziandalia nafasi. Makosa ya namna hiyo hayarekebishiki kwa tarakilishi yoyote.

Kuna kipengele kimoja cha utambaji ambacho kinaonekana kukataa kuingia katika filamu: hadhira. Mtambaji akisema paukwa, pana watu wa kujibu pakawa. Filamu haiwezi kungoja jibu, ila inaweza kuliachia nafasi. Sekunde mbili, yaani picha 24, zinatosha. Lakini sanamu isiachwe imeganda kabisa, kwani mtazamaji atadhani rununu imekwama. Huinamishwa kichwa kidogo, sikio likaelekezwa mbele, bega likapanda na kushuka mara moja kama la anayepumua. Watoto wakiona hivyo hujibu bila kuambiwa. Wanaobeza jambo hili na wakumbuke vibanda vya video vya miji ya Kenya, ambamo DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, sauti yake ikiwa juu ya milio ya bunduki. Watazamaji waliijia sauti hiyo kama walivyoijia picha, na pengine zaidi.

Tope, bua na waya

Vifaa vya kuundia sanamu havihitaji kuagizwa kutoka mbali. Watoto wa magharibi ya Kenya wamekuwa wakiunda magari ya waya na wanyama wa udongo tangu zamani, nao wana ujuzi ambao vitabu huufundisha kwa kurasa nyingi. Mifupa ya sanamu ni waya. Ule wa kufungia vyuma vya zege, unaouzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, husokotwa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja. Ni wa bei nafuu, ila hukatika magotini baada ya kukunjwa mara nyingi; waya wa alumini huvumilia zaidi. Nyama ya sanamu yaweza kuwa kitambaa, sifongo ya godoro kuukuu, maganda ya mgomba yaliyokaushwa au moyo mweupe wa bua la muhindi. Hili la mwisho lina sifa mbili: ni jepesi, na pini huingia bila kupasua. Katika Trans Nzoia, ghala la mahindi la Kenya, baada ya mavuno mabua hayahesabiki.

Udongo ndio unaohitaji maelezo. Udongo wa mtoni, ule wanaoutumia wafinyanzi, una rangi na uzito ambao plastisini ya watoto wa chekechea haiupati kamwe. Kasoro yake ni kukauka. Chini ya taa huanza kupasuka kabla ya saa chache kwisha, na mhusika aliyeanza kisa akiwa kijana hukimaliza akiwa na makunyanzi. Wengine huufunika kwa kitambaa kibichi kila wanapopumzika, kama wafanyavyo wafinyanzi. Njia nyingine ni kuukausha kabisa, kuusaga, kuuchekecha, na kuukanda upya kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta; ukitengenezwa hivyo haukauki tena. Udongo wa nta huwa mgumu asubuhi ya baridi ya Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hulainika mno adhuhuri. Mhuishaji hujifunza kupanga matukio ya vita asubuhi na mazungumzo mchana.

Miguu ya sanamu hukazwa kwa pini zinazopenya katika ubao laini wa dari. Kutembea ndilo jambo gumu kuliko yote, na anayeanza asione haya kulikwepa. Mhusika anaweza kupita nyuma ya ua au ndani ya shamba la mahindi, akaonekana kuanzia kiunoni tu. Reiniger aliyakwepa mengi kwa kivuli.

Kwa umbo la nyumba, maghala na vyombo, mahali pa kwenda ni Makumbusho ya Kitale. Yalianza mwaka 1926 kama makumbusho ya mlowezi Hugh Stoneham, na mwaka 1974 yakawa ya umma. Uani pana mifano ya maboma ya jamii za eneo hilo, likiwamo la Wabukusu, ambayo mtu anaweza kuyapima kwa kamba na kuyapunguza hadi kimo cha sanamu. Pana pia nyoka hai. Umuhimu wake utaonekana hivi punde.

Mwanga, umeme na mvua

Kamera yenyewe haina tatizo kubwa. Rununu ya kawaida na programu ya kupigia picha moja moja vinatosha, mradi rununu ifungwe imara na mwanga, rangi na umakini wa picha vifungwe visijibadilishe vyenyewe. Adui ni jua. Picha 720 huchukua siku nzima, na jua la dirishani husogea, wingu hupita, na filamu humetameta kama moto wa kuni mbichi. Dirisha hufunikwa kwa blanketi, kukawashwa taa mbili, moja kubwa na moja ya kupunguza vivuli. Umeme ukikatika, sanamu isiguswe. Hufunikwa kwa kikapu, picha ya mwisho ikaangaliwa tena mwanga urudipo. Kwa upande wa sauti, hasimu ni mabati. Mvua ya alasiri katika nyanda hizi hainong'oni, na hakuna kinasa sauti kinachoweza kuitenganisha na sauti ya mtambaji. Kurekodi hufanywa asubuhi, ndani ya chumba chenye magodoro, majogoo wakiwa wamekwisha kuwika.

Mango na nyoka

Ngano na visakale vya eneo hili ni vingi, ila kimoja kinaonekana kana kwamba kilitungwa kwa ajili ya sanamu. Ni kisakale cha Mango, shujaa wa Wabukusu wa ukoo wa Bakhurarwa, aliyemuua joka lililokuwa likimaliza watu na mifugo. Alimvizia pangoni mwake, mahali panapotajwa kuwa Mwiala, akamkata kichwa. Masimulizi hutofautiana katika mengi, lakini yanakubaliana kwamba baada ya ushujaa huo Mango alitahiriwa, na jando la Wabukusu huhusishwa na tukio hilo hadi leo. Wimbo wa Sioyaye, unaoimbwa kijana anapotoka mtoni asubuhi ya kutahiriwa, huhusishwa pia na kisa hicho.

Kwa upande wa ufundi, faida ni dhahiri. Nyoka hana miguu. Huundwa kwa kamba nene iliyotiwa waya ndani na kuvikwa magamba ya udongo au ya maganda ya mgomba, naye husogezwa kwa kusukuma mkunjo mmoja kutoka shingoni kuelekea mkiani, sentimita moja kwa kila picha. Anayetaka kujua mkunjo huo unavyokwenda na akasimame nusu saa mbele ya nyoka wa makumbusho. Nyingi ya filamu yaweza kuchukuliwa ndani ya pango, ambalo ni sanduku la katoni lililopakwa tope, na giza huficha makosa.

Lakini udongo huo huo unaongeza jambo ambalo mhuishaji wa London hangelifikiria. Wabukusu hufanya jando kila mwaka unaogawika kwa mbili, mwezi wa Agosti, na kijana hupakwa tope la mtoni kabla ya kukatwa. Sanamu ya kijana aliyefinyangwa kwa udongo, ikionyeshwa Bungoma, haitasomwa kama sanamu tupu. Itasomwa kama mtahiriwa. Mtengenezaji anaweza kuitumia maana hiyo kwa makusudi, Mango akianza filamu akiwa mwili wa bua na kitambaa na kuimaliza akiwa udongo mtupu. Au anaweza kuiharibu kwa kutojua, akampaka udongo hata mjinga wa kisa. Yapo pia ya mtoni ambayo wenyewe hawataki yaonyeshwe. Mpaka huo huulizwa kwa wazee kabla ya waya wa kwanza kukunjwa.

Kuuliza huko si adabu tu. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoitambua jamii kuwa mwenye mali, inayodai idhini yake itafutwe mapema, na inayozipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista. Wapo wanaoiona kuwa mzigo kwa kijana asiye na wakili. Malalamiko hayo yana uzito, kwa kuwa haijulikani kwa wepesi ni mzee yupi anayeweza kusema kwa niaba ya jamii nzima kuhusu Mango. Hata hivyo bibi aliyetamba kisa usiku mzima, na ambaye pumzi zake ndizo zilizohesabiwa katika daftari la fremu, ana haki iliyo wazi zaidi. Bila kasi yake nyoka hangekuwa na kasi. Yeye ni mshiriki wa filamu kwa kiwango kile kile cha aliyeshika kamera, na malipo yagawanywe kwa kuzingatia hilo, hata kama ni malipo ya kuku wawili. Nao utaratibu wa kisheria wa filamu zote, yaani kupelekwa kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya maonyesho ya hadhara, haumsamehe mwenye sanamu kwa sababu waigizaji wake ni wa tope.

Lugha mbili, saa mbili

Swali la lugha haliepukiki. Bungoma, hasa vijijini, kisa cha Mango kina makao yake katika Lubukusu. Kitale ni mji wa mchanganyiko: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu na wengineo hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Mtengenezaji anayetaka kuonyesha filamu moja katika miji yote miwili hushawishika kurekodi Lubukusu kwanza, kupiga picha, kisha kubandika Kiswahili juu yake.

Ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, ubandikaji huo hauwezi kufaulu. Katika Lubukusu urefu wa irabu hutofautisha maana, na toni ina kazi. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Irabu ndefu iliyopewa picha nne itaachwa na mdomo wazi pale Kiswahili kitakapokuwa kimekwisha kupita. Lugha mbili ni saa mbili zenye mapigo tofauti. Suluhisho moja ni kuwanyima wahusika midomo kabisa, hadithi yote ikabebwa na mtambaji asiyeonekana, kama ilivyo katika utambaji wa jikoni ambako msikilizaji hakuwahi kumwona Sungura akifumbua kinywa. Hata hapo pana kazi: mianya iachwe baina ya tukio na tukio, sekunde moja au mbili za moshi, mvua au majani ya mgomba, ili lugha ndefu ipate pa kupumulia na lugha fupi isikimbiliwe na picha. Suluhisho la pili ni gharama tupu: kupiga matukio ya mazungumzo mara mbili, kila moja na daftari lake. Kwa filamu ya dakika tatu yenye dakika moja ya mazungumzo, ni saa 12 zaidi. Si nyingi kwa mtu aliyekwisha kutumia 36.

Njia ya tatu inastahili kujaribiwa na vyama vya Kiswahili vya vyuo vilivyo karibu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma. Kila mkusanyo wa fasihi simulizi unaofanywa na wanafunzi nyanjani huacha rekodi za sauti ambazo, baada ya mtihani, hulala kabatini. Rekodi hizo zina kasi, pumzi, vicheko na kukohoa kwa watambaji. Zina kila kitu ambacho mhuishaji hulazimika kukitafuta. Mwanafunzi aliyefunzwa kuhesabu silabi na kutambua mkazo anaweza kuigeuza dakika moja ya rekodi kuwa daftari la fremu 720 kwa jioni chache, akampelekea kijana mwenye rununu na waya huko Kiminini au Chwele. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo liandikwe jina la mtambaji kwa tahajia anayoitaka mwenyewe, kijiji chake, tarehe aliyotamba, na yale aliyosema yasionyeshwe.